Daraja la Kitufe cha Kijani

Inspekta Mouzaoir alijigonga kichwa mlangoni kwa mara ya tatu asubuhi ile, akamwombea mabaya mjenzi aliyekwisha kufa zamani za babu zake. Chumba cha mahabusu kilikuwa ghala la mawe nyuma ya kituo, na mlango wake haukuzidi kimo cha kifua. Hapakuwa na namna ya kuingia humo ila kwa kuinama, uwe askari, uwe mwizi, uwe nani.

Ndani, juu ya gunia, alikaa Irchad, fundi wa kompyuta, kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Mutsamudu, mji wa kisiwa cha Ndzuani. Alituhumiwa kuiba padi ya kuchezea gemu, kile kidude cha kushikwa kwa mikono miwili, chenye vitufe vya rangi na waya mrefu. Ilikuwa mali ya Mama Loutfia, mwenye duka la intaneti katika mtaa wa Badjanani, na ilipotea Jumatatu ya wiki iliyopita, siku ileile ilipofika kutoka Marseille ndani ya sanduku la mpwa wake.

Zamani kesi ya namna hiyo ingemalizwa kwa kikombe cha chai. Lakini huu ulikuwa mwezi wa pili wa mwaka 2008. Kisiwa cha Ndzuani kilikuwa kimejitenga, Moroni, mji mkuu wa Komoro, ilikuwa imejaa wanajeshi wanaongoja meli, na kila mtu wa Ndzuani aliyeishi Moroni alitazamwa mikono na mifuko. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mouzaoir mwenyewe alikuwa mtu wa Mutsamudu. Kazi alikuwa ameifanya Moroni miaka ishirini na miwili bila doa, na tangu mgogoro uanze hakupewa jalada lolote lililozidi ukubwa wa mbuzi.

Hili la padi alipewa kwa sababu lilionekana dogo. Kisha mkuu wa kituo, Kamanda Madi, akalisoma tena akiwa na njaa, likakua. Padi ina vitufe kumi, alieleza huku akiichora kwenye karatasi, ina vijiti viwili vya kuelekeza huku na huku, ina waya, na imechukuliwa na fundi wa kisiwa kilichoasi. Kama hiyo si mashine ya kuongozea kombora, basi yeye Madi ni muuza maandazi. Uamuzi alikwisha kuutoa. Boti ya kesho, Alhamisi, saa mbili asubuhi, ingewarudisha kwao watu kadhaa wa Ndzuani, na Irchad angekuwemo, bila ruhusa ya kurudi. Nikaha yake na Naïma, binti wa Badjanani, ilikuwa imepangwa Ijumaa ya wiki inayofuata.

Mouzaoir akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Jumatatu saa saba na nusu ulikuwa wapi?”

“Niliingia dukani kwa Mama Loutfia.”

“Padi ilikuwepo?”

“Haikuwepo mezani.”

“Ulimkuta nani?”

“Sijui.”

“Mtu hukuta mtu au hakuti. Hakuna kutojua.”

“Sijui, Inspekta.”

Ilikuwa mara ya kumi na moja kuulizwa swali hilo na mara ya kumi na moja kutojua. Mengine yote kijana aliyajibu bila kupepesa macho. Mouzaoir alikuwa akinyanyuka kuondoka pale Irchad alipouliza, kwa sauti ya chini, kama hifadhi ya tatu kwenye kompyuta namba tatu imefutwa. Hifadhi ya nini? Kijana akajutia kuuliza, akageukia ukuta.

Inspekta aliliandika hilo kwenye daftari. Mtu anayepakiwa botini kesho humlilia mchumba, humlilia mama, huvililia hata viatu vyake. Huyu analilia hifadhi. Akatoka na kujigonga mara ya nne.

Duka la Mama Loutfia lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta tatu, kwenye kichochoro ambamo watu wawili waliovaa majoho hawapishani mpaka wapatane. Mama Loutfia, mjane wa miaka hamsini na ushei, alisimulia yote kwa pumzi moja. Padi ilifika asubuhi. Saa nne Irchad akaichomeka kwenye kompyuta namba tatu, ikawaka taa, wakakubaliana izinduliwe baada ya sala ya alasiri kwa sababu vijana walikwisha kupanga foleni. Saa sita akawatoa watu wote, akaenda kusali na kupika. Saa nane aliporudi padi haipo, na Irchad amesimama katikati ya chumba peke yake. Yeye hakumshtaki mtu, alisema. Watu waliuliza nani alikuwemo, naye akajibu.

Aliandika majina saba ya wateja wa asubuhi ile. Wote saba walikuwa wanapiga mpira uwanjani mchana kutwa, na walikuwa na magoti ya kuthibitisha. Akabaki Abdou, fundi redio wa jirani, mtu mwenye tamaa ya kila chenye waya. Mouzaoir alipekua kibanda chake saa nzima, akakuta feni bila mapanga, redio bila sauti, na kengele ya shule ambayo hapo baadaye ingehitaji jalada lake yenyewe. Padi hakuna. Na Jumatatu hiyo mchana Abdou alikuwa kwenye karamu ya harusi, mashahidi themanini, akavunjika jino kwa mfupa mbele yao wote.

Inspekta akarudi kwa Mama Loutfia, akapiga magoti nyuma ya kompyuta namba tatu na kumulika tochi. Tundu la kuchomekea padi lilikuwa limepinda kwenda juu. Akalitazama sana. Mwizi hushika kichwa cha waya na kuchomoa taratibu, maana anakitaka kitu kizima. Huu ulinyofolewa na mtu aliyesimama ghafla huku padi ikiwa mikononi.

“Nifungulie hiyo gemu,” akasema. “Nataka kucheza.”

Ilikuwa gemu ya vita: askari mmoja, ngome moja, maadui tele. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashine ile inayochomekwa kwenye televisheni, inayochezwa kwa padi. Ilipouzika huko, wenyewe wakaitupa kwenye kompyuta bila hata kuivua viatu. Mouzaoir hajakaa vizuri, maandishi makubwa kama ya bango la duka yakamwamuru abonyeze kitufe cha kijani. Akatazama kibodi. Vitufe vyote vilikuwa vyeusi, isipokuwa vile vilivyokwisha kufutika. Mama Loutfia akamwambia hapo apige kile kikubwa cha kulia. Na panapotakiwa cha bluu? Hapo apige kirefu cha chini. Na cha njano? Cha njano hata yeye hakumbuki, aendelee tu.

Orodha ya mwanzo haikuitambua mausi kabisa. Mausi iliamka vita vilipoanza, na hata ilipoamka ilikuwa nzito: unaisukuma sasa, askari anageuza kichwa baadaye, kama karani aliyepewa kazi akapitia kwanza kunywa chai. Upeo wa macho ulikuwa mwembamba, unaona kama unachungulia tundu la ufunguo. Inspekta akapigwa kutoka pembeni, akafa. Akataka kuanzia pale alipofia. Haiwezekani, akaambiwa, gemu haihifadhi unapotaka wewe, inahifadhi inapotaka yenyewe. Akaanza upya, akafa. Mama Loutfia akamweleza kwamba Irchad amehangaika nayo miezi. Ameifunga kwenye picha thelathini kwa sekunde, kwa kuwa ikizidi hapo maadui hukimbia mara mbili na milango hufunguka yenyewe.

“Halafu ufike darajani,” akasema Mama Loutfia, “ndipo utajua walioitengeneza hawana mama.”

Mbele ya ngome palikuwa na daraja la kunyanyuliwa kwa minyororo. Ili lishuke unatakiwa ushikilie kitufe cha kijani, na mahali hapo pekee kile kikubwa cha kulia hakifanyi kazi. Hakifanyi chochote. Wenye gemu walisahau tu. Kwa hiyo askari huacha daraja, huingia mtaro wa maji machafu chini ya ukuta, hutambaa kwa tumbo na kutokea zizini. Mji mzima unapita mtaroni, alisema Mama Loutfia. Hata mpwa wa imamu anatambaa.

Mouzaoir akauliza habari za hifadhi ya tatu. Uso wa Mama Loutfia ukaonyesha mshangao: yeye ameijuaje? Gemu ina nafasi tatu tu za kuhifadhi. Mbili za kwanza vijana hufutiana na kugombana kila siku. Ya tatu ipo tangu kabla ya Ramadhani, na Irchad amekataza isiguswe, bila kusema ni ya nani.

Akaifungua. Askari alikuwa amesimama ndani ya ngome, mbele yake lango fupi la chuma. Inspekta akasukuma mausi, akangoja, na kwa wakati wake kichwa cha askari kikageuka nyuma. Daraja lilikuwa limeshuka, minyororo inaning'inia. Tarehe ya hifadhi ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita, saa saba na dakika ishirini na mbili mchana.

“Yarabi,” akasema Mama Loutfia. “Limeshushwa.”

Limeshushwa kwa padi, akawaza Mouzaoir, na padi ilikuwa na saa tatu tu tangu ichomekwe. Aliyeshusha daraja alikuwa amekaa kwenye kiti hiki hiki, wakati duka limefungwa. Lakini kulikuwa na mlango mmoja wa kufunga kwanza. Kamanda Madi alishikilia kwamba padi imekwisha kuvuka kwenda Mutsamudu, kwa Zahiya, dada yake Irchad, mwalimu wa hesabu. Inspekta akainua simu ya duka na kumpigia.

Laini ilikoroma, kisha ikafunguka. Wakasalimiana Kindzuani, na Mouzaoir akagundua kuwa ana mwezi mzima hajakizungumza bila mtu kugeuka kumtazama. Zahiya alisema afanye haraka, umeme wa kwao hukatwa saa sita. Alipoulizwa kama anayo padi, alijibu kwa swali.

“Ningekuwa na padi, Inspekta, ningekuwa natambaa kwenye uchafu ule tangu Ramadhani?”

Irchad alimpelekea nakala ya gemu, na yeye, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, alijaribu vitufe vyote mia na nne vya kibodi, kimoja kimoja, akiviandika kwenye daftari la shule. Daraja halikushuka. Mouzaoir akamwamini papo hapo. Hakuna jasusi anayeweza kuwa na uchungu wa namna ile. Kisha Zahiya akaongeza jambo ambalo kaka yake alimsimulia kwa kicheko kabla ya mambo kuharibika: kwamba Moroni yupo mtu mmoja asiyekubali mtaro. Kila siku hufika pale, husimama, hurudi darajani, hubonyeza na kubonyeza mpaka muda wake uishe. Miezi mitano sasa. Jina hakumtajia. Alisema tu ni mtu asiyeweza kutambaa.

“Hiyo boti ya kesho ni kweli?” akauliza mwishoni. “Mama hapa hajui apike ya harusi au ya msiba.”

Umeme wa Mutsamudu ukakatika kabla hajajibiwa.

Mouzaoir alikaa na simu mkononi. Asiyeweza kutambaa. Akafikiria vilema wawili anaowajua Badjanani, akawaacha: anayetambaa ni askari wa kwenye kioo, mchezaji anabonyeza tu kidole. Ni nani, basi, ambaye hata kidole chake hakikubali? Akafunga daftari na kumgeukia mwenye duka.

“Mama Loutfia, umenitajia wateja wako. Sasa nitajie yule ambaye huwezi kumwambia atoke nje.”

Mama Loutfia akatengeneza leso yake, ambayo haikuwa imeharibika. “Yule si mteja,” akasema.

Alikuwa Mzee Abdérémane, kaka wa mama yake Naïma, yule yule ambaye bila neno lake binti haolewi. Miaka tisa iliyopita Mzee alikamilisha Ndoa Kuu, ile wanayoiita anda, akaulisha mji mpaka mji ukaomba kupumzika. Tangu siku hiyo ni mtu kamili. Msikitini hukaa mbele, barazani husema kwanza, huvaa joho na mharuma, ile shali ya heshima, begani, na akipita watu husimama na kuinamisha macho. Kila mchana alikuja kusoma habari za Ndzuani, na Mama Loutfia alimwachia ufunguo. Kumweka kwenye orodha? Hakumpitia akilini. Ni nani anayehesabu ukuta wa nyumba anapohesabu wageni? Na tangu Jumatatu ile hajatia mguu. Wanasema goti linamsumbua.

“Goti,” akasema Mouzaoir.

Sasa alimjua mtu wake, na kumjua hakukumsaidia kitu. Yeye ni mtu wa Ndzuani, hajafanya anda, na kwa mila ya Ngazidja, kisiwa cha Moroni, asingefungua kinywa barazani kabla ya Mzee huyo. Akimtaja Mzee Abdérémane kituoni, kesho botini wangepanda wawili. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata haiitwi mahakamani. Akapita kituoni, akachukua kompyuta ndogo ya Irchad iliyokuwa kwenye vielelezo, akaenda nayo nyumbani kwa Mzee.

Alimkuta sebuleni, kwenye kiti kirefu, joho limemfunika mpaka vidole vya miguu ingawa mchana ulikuwa wa joto. “Kwezi,” akaamkia Mouzaoir kwa adabu za pale. “Mbona,” akaitikia Mzee. Goti lake lilionekana zima. Inspekta akakaa mkekani, akasema amekuja kuomba shauri, kwani kesi hii haieleweki kwa mtu asiyeijua gemu yenyewe, na yeye amekwama. Mzee akasema hana habari na mambo ya kitoto. Kisha akasogeza kiti.

Mouzaoir akafungua hifadhi ya Irchad, hatua chache kabla ya ngome. Akapigwa risasi, akafa. Mzee akasonya. Akafa tena. Mzee akasonya kwa urefu zaidi na kutaja, kama mtu anayejisemea, kwamba nyuma ya pipa huwa kuna mmoja. Mara ya tatu Inspekta akafika mtaroni na kumlaza askari kifudifudi.

“Toka humo,” akasema Mzee Abdérémane.

“Ndiyo njia, Mzee. Mji mzima unapita hapa.”

“Mji mzima hauna adabu. Daraja liko pale.”

“Daraja ni pambo tu. Halishuki, limekuja bovu kutoka kwa wenyewe.”

“Linashuka! Unashikilia kijani mpaka minyororo ilie mara tatu, ndipo unaachia. Watu wana haraka, basi.”

Hilo asingelijua ila aliyeishika padi. Mouzaoir hakuinua macho, na kwa mara ya kwanza akaishukuru mila iliyomkataza kuyainua. Akaanza kusimulia, akiitazama mikeka, habari za mtu mmoja mkubwa. Mtu huyo alikuwa anastarehe kidogo, peke yake, mlango ukafunguliwa ghafla. Akasimama. Waya ukanyofoka, na kabla hajawaza kitu kikawa ndani ya joho. Haukuwa wizi, ilikuwa haya. Siku ya pili ilikuwa vigumu kukirudisha. Siku ya tatu akakamatwa mtu mwingine, ikawa vigumu zaidi, na kila siku ikaongeza jiwe lake.

“Aliyefungua mlango aliuona waya ukining'inia chini ya joho,” akamalizia. “Ameulizwa mara kumi na moja. Hajamtaja mtu.”

Mzee akauliza: “Kwa nini?”

“Akimtaja, Mzee, atamwoa nani?”

Mzee Abdérémane akauliza boti inaondoka saa ngapi. Akaambiwa saa mbili asubuhi. Hakuuliza jingine. Akasema sala ya alasiri imekaribia, na kwamba mgeni anaweza kwenda. Mouzaoir akafunga kompyuta, akatoka, na njia nzima hakujua kama ameshinda au ameharibu.

Baada ya alasiri alikuwa amesimama mbele ya Kamanda Madi, aliyekuwa akipuliza mhuri ili aupige kwenye karatasi ya safari, pale alipoona kupitia dirishani watu wa kichochoroni wakisimama mmoja baada ya mwingine. Mzee Abdérémane aliingia amevaa kama anakwenda kwenye Ijumaa: kofia, joho, mharuma. Madi akasimama kwa kasi mpaka kiti kikaanguka. Akatoa kiti kingine, akaagiza chai, na aliposikia Mzee anamtaka kijana wa Mutsamudu akaamuru aletwe mara moja.

“Hapana,” akasema Mzee. “Nitamfuata aliko.”

Walifika ghalani na nusu ya Badjanani nyuma yao. Mzee alisimama mbele ya ule mlango wa kifuani, akaupima kwa macho juu mpaka chini. Akamuuliza Inspekta kama kuna njia nyingine ya kuingilia.

“Hakuna, Mzee.”

Mzee Abdérémane akavua mharuma begani, akamkabidhi Mouzaoir, akavua na kofia. Kisha akashika goti lake, lile lile la uongo, akainama, na joho likaburura vumbi mpaka ndani.

Irchad alikwisha kusimama. Mzee akaingiza mkono ndani ya joho, akatoa padi na waya wake umekunjwa vizuri, akampa kwa mikono miwili.

“Kwezi, mjomba,” akasema Irchad. Neno hilo la mwisho hakuwa na ruhusa nalo bado, na wote walilisikia.

“Mbona,” akaitikia Mzee.

Akageukia mlangoni, ambako kichwa cha Kamanda Madi kilikuwa kinachungulia, akamwambia aandike kwamba mashine ya kombora imepatikana, kwamba aliichukua yeye Abdérémane kwa mkono wake, na kwamba kijana hakuigusa. Madi akauliza kwa unyenyekevu kama aandike hivyo hivyo. Akajibiwa aandike hivyo hivyo. Nje Mouzaoir aliisikia karatasi ya safari ikichanwa, na alipogeuka akamwona Kamanda anavitia vipande mfukoni.

Ndani ya ghala Mzee alikuwa amemsogelea mkwe wake na kushusha sauti.

“Baada ya daraja kuna lango fupi la chuma. Nilisimama mbele yake natafuta pa kupitia, ndipo ukaingia. Lazima kuinama pale?”

“Lazima, mjomba.”

“Nilijua.” Mzee Abdérémane, ambaye kwa miaka tisa hakuna aliyempita mbele, akautazama mlango aliouingilia. “Basi tangulia wewe, mwanangu. Nakuja nyuma yako.”

Irchad akainama, akatoka kwanza.